Msimcheke Anayesema "More Better"

Yapo makosa ya Kiingereza ambayo watu wa kwetu huyasamehe, na yapo machache ambayo hayana msamaha. Mtu anaweza kuchanganya "in" na "at" maisha yake yote, akapanda vyeo, akahutubia mikutano, na asitokee wa kumcheka. Lakini aseme mara moja tu "more better", hasa mbele ya kipaza sauti, na kabla jua halijazama kipande cha video kitakuwa kimezunguka makundi yote ya WhatsApp. Hukumu hutolewa papo hapo: huyu hajasoma, au kasoma shule ya kata. Wanaojiona wataalamu huongeza maelezo ya kisomi kidogo, kwamba maskini yule si wa kulaumiwa sana, ni Kiswahili kilichomharibu.

Chini ya kicheko hicho kuna imani iliyoshiba, na inafaa niieleze kwa haki kabla sijaipinga. Inasema hivi. Kiingereza kina kanuni moja safi ya kulinganisha sifa: neno fupi hupewa "-er" na "-est", neno refu hutanguliwa na "more" na "most", na haiwezekani kamwe kuvitumia vyote viwili kwa pamoja. Kanuni hiyo, wanasema, ni ya kimantiki, kwa kuwa kilichokwisha kuzidi hakizidishwi tena. Ni ya tangu na tangu. Na anayeivunja anavutwa na lugha yake ya nyumbani, ambayo haina ulinganisho wa maana. Nimeyasikia haya kwa walimu, kwa wahariri, na kwa wazazi wanaolipa ada kubwa ili mtoto asije akaaibika. Karibu yote si kweli, na lile dogo lililo kweli halisemwi inavyopaswa.

Nianze na shutuma dhidi ya Kiswahili, maana ndiyo inayoniudhi zaidi na ndiyo nyepesi kuliko zote kuivunja. Mswahili anasema "Juma ni mrefu kuliko Ali". Lile neno "mrefu" halikuguswa. Limebaki kama lilivyo kwenye "Juma ni mrefu". Kazi yote ya kulinganisha imefanywa na "kuliko". Sasa chukua muundo huo uuhamishie kwenye Kiingereza neno kwa neno, utapata nini? Utapata "Juma is tall than Ali". Na kweli, wanafunzi wetu huandika hivyo kila siku, kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Hilo ndilo kosa lenye damu ya Kiswahili: kivumishi kitupu, kisha "than" inayofanya kazi ya "kuliko". Anayesema "more taller" amefanya kinyume chake kabisa. Yeye ameweka alama mbili mahali ambapo Kiswahili hakiweki hata moja. Hatuwezi kuilaumu lugha moja kwa kupunguza na kuongeza kwa wakati mmoja.

Kuna anayenijibu kwa "bora zaidi". Anasema neno "bora" lina ulinganisho ndani yake, kisha tunalitwisha "zaidi", na hapo ndipo "more better" inapozaliwa. Ni hoja ya mtu mwerevu, lakini haifiki mbali. Itaeleza vipi "more bigger"? Itaeleza vipi "most richest"? "Kubwa" na "tajiri" havina ulinganisho wowote uliojificha. Tena itamwelezaje mtoto wa Leeds au wa Chicago, ambaye hajawahi kusikia neno moja la Kiswahili tangu azaliwe, naye anasema "more better" na "bestest" akiwa na miaka mitatu? Wanaochunguza lahaja za Kiingereza wameukuta ulinganisho huu maradufu Uingereza yenyewe, Marekani na kwingineko, kwenye vinywa vya watu wasiojua lugha nyingine. Ni miongoni mwa sifa zilizoenea sana katika Kiingereza kisicho sanifu duniani.

Kosa hilo kwa mwanafunzi wetu, kwa maoni yangu, linatoka darasani. Mwalimu anachora ubaoni jedwali la safu tatu. Juu anaandika "big, bigger, biggest". Chini yake anaandika "beautiful, more beautiful, most beautiful". Mwanafunzi amepewa zana mbili za kazi moja katika kipindi kimoja, na mtihani uko karibu. Akiwa na wasiwasi anatumia zote mbili, apate usalama. Huyo ameshatambua kwamba Kiingereza kinataka alama kwenye sifa, na ameshazijua alama zenyewe; kilichobaki ni kuchagua. Yule wa "tall than" bado hajafika hapo. Hawa ni wanafunzi wawili tofauti, wenye mahitaji mawili tofauti, lakini madaftari yao hurudi na wino mwekundu uleule na maneno yaleyale kuhusu kuathiriwa na lugha mama. Mwalimu anayewatia kapu moja anamrudisha nyuma aliyekuwa anakaribia kufika.

Tuje kwenye ukale wa kanuni. Kiingereza kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066 kilikuwa na njia moja kuu ya kulinganisha, nayo ni kiambishi. "Heard", yaani gumu, likawa "heardra" kwa ulinganisho na "heardost" kwa upeo. Kanuni ya silabi haikuwepo kwa sababu hakukuwa na cha kuchagua. "More" na "most" zilianza kujitokeza kwenye maandishi kama vyombo vya kulinganishia sifa katika karne ya 13, zikashika kasi karne ya 14. Wataalamu wanabishana hadi leo kama zilichochewa na Kifaransa cha watawala, chenye "plus" yake, na Kilatini cha kanisa, au zilichipuka zenyewe. Vyovyote iwavyo, njia hizo mbili ziliishi nyumba moja kwa karne kadhaa bila ukuta katikati. Neno refu lilipewa "-est" bila ubishi, neno fupi likatanguliwa na "more", na wakati mwingine neno moja likapata vyote.

Na waliofanya hivyo hawakuwa wachukuzi wa bandarini. Prospero, katika The Tempest ya Shakespeare, ni msomi aliyepoteza dola yake kwa sababu ya kuzama mno kwenye vitabu. Anapomweleza bintiye Miranda kwamba yeye si yule mwenye pango duni tu anayemdhania, maneno yanayomtoka ni hayohayo, "more better". Katika Julius Caesar, Mark Antony anauonyesha umati tundu lililoachwa na jambia la Brutus kwenye joho la Kaisari, kisha analipa neno "unkind" vyote viwili, "most" mbele na "-est" nyuma. Hotuba hiyo hufundishwa ulimwenguni kote kama mfano wa ufasaha. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeutafsiri mchezo huo mwaka 1963, aliupitia mstari huo kwa kalamu mkononi, na siamini kwamba alichukua wino mwekundu.

Kama Shakespeare ataonekana mtu wa jukwaani tu, fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile iliyoandaliwa kwa amri ya Mfalme James na majopo ya mabingwa wa Kiebrania na Kigiriki. Nenda Matendo ya Mitume, sura ya 26, aya ya 5, pale Paulo anapojitetea mbele ya Agripa na kuitaja madhehebu ya Mafarisayo. Neno "strait", lenye maana ya kali au nyembamba, limewekewa "most" na "-est" kwa pamoja. Kwa karne kadhaa Waingereza wamelisoma hilo makanisani, wakiwa wamevaa nguo zao za Jumapili, na dari halikuwaangukia.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Ben Jonson. Huyu alikuwa mshindani na rafiki wa Shakespeare, mtu aliyejivunia usomi wake wa Kilatini na Kigiriki, na mwepesi wa kuwadharau wasio nao. Aliandika sarufi ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1640, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Alipofika kwenye ulinganisho maradufu hakuukemea. Aliusifu! Aliuona ni pambo la usemi, namna ya kuwaiga Wagiriki wa kale walipotaka kutia nguvu maneno yao, na katika sentensi hiyohiyo ya kuusifu akautumia. Kwa hiyo mwanasarufi wa Kiingereza, akizungumza kama mwanasarufi, aliliweka kwenye hesabu ya umaridadi jambo ambalo leo tunalichekea kwenye simu zetu.

Kilichobadilika baada ya hapo ni jamii. Karne ya 18 ilileta Uingereza tabaka la watu waliopata fedha kwa biashara na waliotaka kupokelewa kwenye kumbi za wenye nasaba. Walihitaji kuambiwa namna ya kuvaa, ya kushika uma, na ya kusema. Vitabu vya sarufi vikawa bidhaa. Samuel Johnson alitoa kamusi yake mwaka 1755. Robert Lowth, padri wa Kianglikana aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1762. Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York, alitoa chake mwaka 1795, kikauzwa kwa wingi wa ajabu pande zote mbili za Atlantiki. Hawa ndio waliofunga mlango. Shule zilizofuata zilirithi mlango uliofungwa, na sisi tukaurithi kutoka kwa shule hizo tukidhani ni ukuta.

Lowth aliukataa ulinganisho maradufu, lakini akaacha upenyo. Zaburi za Kiingereza za zamani zinamwita Mungu kwa "most highest". Askofu mtarajiwa angefanyaje? Alisema kwamba hapo unafaa, unafaa kwa namna ya pekee, kwa sababu anayetajwa yuko juu kuliko kilicho juu kabisa. Hapa ndipo ninapomkamata. Kama maradufu ni kosa la mantiki, basi ni kosa hata mbele ya kiti cha enzi. Mantiki haipigi magoti. Na kama inakubalika pale msemaji anapohitaji kusema jambo kubwa kuliko lugha ya kawaida inavyobeba, basi tumeshatoka kwenye mantiki tumeingia kwenye mtindo na adabu. Hapo Mark Antony naye ana haki yake. Na yule mama wa mtaani aliyesema kwamba dawa ya mara hii ni "more better" kuliko ya juzi, akimaanisha kwamba ya juzi nayo ilikuwa nzuri kiasi, ana haki yake pia.

Johnson naye alikutana na neno "lesser". "Less" lilikuwa tayari ni neno la ulinganisho. Mtu asiyejulikana akaliongezea "-er" juu yake, likawa maradufu kamili, kama "worser". Johnson aliliita upotoshaji wa kishenzi uliozushwa na watu wa chini kisha ukaambukiza washairi. Leo nenda Ziwa Natron, mahali pa kutegemewa pa kuzaliana kwa flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, ukamsikilize mwongoza watalii mwenye cheti chake akiwataja kwa Kiingereza. Atasema "lesser flamingo". Nenda Tsavo ukaulize jina la tandala mdogo. Ni "lesser kudu". Vitabu vya sayansi, mabango ya hifadhi, tovuti za wizara, vyote vimejaa ushenzi wa Johnson, na hakuna profesa anayeshtuka. "Worser" lilifukuzwa, "lesser" likapewa uraia. Ukiniuliza kwa mantiki ipi, sina jibu, na wala Johnson hana.

Hata "nearer" halina usafi wanaoudhania. Zamani neno la msingi lilikuwa "nigh", ulinganisho wake ukawa "near", na upeo wake "next". Baadaye watu wakasahau kwamba "near" lilikuwa ni ulinganisho, wakalichukua kama sifa ya kawaida, wakalipachika "-er" nyingine. Kila Mwingereza anayesema "nearer", akiwemo mfalme wake, analinganisha juu ya ulinganisho. "Innermost" nalo limebeba "-er" na "most" katika neno moja. Lugha ilifanya hivi mara nyingi, na kila mara iliponyamaziwa kwa muda wa kutosha, maradufu ikageuka sanifu.

Ama hoja yenyewe ya mantiki, kwamba alama ikishawekwa haiwekwi tena, hiyo mzungumzaji wa Kiswahili ndiye wa mwisho kuikubali. Sikiliza: "Watoto wazuri wale wawili wamekuja." Wingi umetajwa mara tano katika maneno matano. Hakuna anayesema kwamba mara nne zilizobaki ni upuuzi. Tunaita upatanisho wa kisarufi, tunaufundisha, na anayeuvunja tunamcheka. Lugha za binadamu hupenda kurudia, kwa kuwa sauti hupotea, upepo huvuma, watoto hulia. Kiingereza sanifu chenyewe kinamlazimisha mtu aseme "taller than Ali", ambapo alama ziko mbili, "-er" na "than", wakati "than" peke yake ingetosha kumjulisha msikilizaji kwamba watu wawili wanapimwa. Kwa kigezo cha uchumi wa alama, mwanafunzi wetu wa "tall than Ali" ndiye mwenye mantiki kuliko wote, naye ndiye anayekatwa alama. Basi tuiache mantiki ipumzike.

Inabaki kanuni ya silabi, ile ya fupi na refu. Itazame kwa karibu uone inavyovuja. "Wrong" ni silabi moja, lakini Mwingereza husema "more wrong". "Bored" ni fupi, husema "more bored". "Fun" nalo ni fupi, na ukimwambia "funner" atakunja uso, ingawa watoto wake wanalisema. Kwa upande wa pili "unhappy" lina silabi tatu na bado husemwa "unhappier", kwa sababu sikio linahesabu "happy" iliyo ndani yake na kuiruka ile "un-". Katikati kuna msitu mzima wa maneno ya silabi mbili: "polite", "common", "clever", "stupid", "quiet", "narrow", "gentle", "handsome". Humo kanuni huzimia kabisa. "Politer" na "more polite" zote ni Kiingereza kizuri. "Commoner" na "more common" vilevile. Kamusi kubwa huziruhusu, magazeti ya London huzichanganya, na mtu mmoja anaweza kutumia moja asubuhi na nyingine jioni.

Kinachoamua uchaguzi huo si idadi ya silabi peke yake. Britta Mondorf wa Chuo Kikuu cha Mainz alitoa kitabu kizima kuhusu jambo hili mwaka 2009, na hoja yake ya msingi ni kwamba "more" huitwa kusaidia pale sentensi inapokuwa nzito kwa akili: sifa inapofuatwa na maelezo marefu, neno linapokuwa geni, wazo linapokuwa la kudhania zaidi kuliko la kushikika. Msemaji anaiweka "more" mbele ili kumtahadharisha msikilizaji mapema kwamba ulinganisho unakuja. Hili ni jambo la sikio na la pumzi, na hupatikana kwa kusoma sana na kusikiliza sana. Jedwali la ubaoni haliwezi kulitoa. Lewis Carroll, mwaka 1865, alimfanya Alice, mtoto wa hadithini mwake, aseme "curiouser", na mzaha ukaeleweka na kila msomaji. Ina maana kanuni ilikuwa imeshakomaa kiasi cha kufanyiwa mzaha, na pia kwamba mtoto mwenye Kiingereza cha kuzaliwa akishangazwa huirukia "-er" bila kuhesabu chochote.

Kuna na ile kanuni ndogo wanayoipenda wasahihishaji, kwamba vitu viwili hulinganishwa kwa "-er" na "-est" husubiri vitatu. Mechi ya mpira ina timu mbili, na Mwingereza husema "may the best team win". Ana miguu miwili, na husema "put your best foot forward". Katiba ya Marekani ya mwaka 1787, katika utangulizi wake, imeweka "more" mbele ya "perfect", wakati tunafundishwa kwamba ukamilifu hauna kuzidiana. Sitaki kukaa hapo. Ni vijikanuni vya watu wasio na kazi.

Nikirudi kwenye lawama ya mwisho, kwamba Kiswahili hakina madaraja ya sifa na kwa hiyo hakifai kwa fikra za kupima, naiona ni ya kutojua lugha tatu kwa mpigo. Kifaransa hakina kiambishi cha ulinganisho kilicho hai. Huweka "plus" karibu mbele ya kila sifa, na upeo wake ni "plus" hiyohiyo yenye kitambulishi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokisoma hawajawahi kuambiwa kwamba Kifaransa ni lugha ya watu wasiojua kupima. Kiarabu hutumia umbo moja, kama "akbar", kwa ulinganisho na kwa upeo pia. Kiswahili kina "kuliko", "zaidi" na "kabisa", na juu ya hayo kina kitu ambacho Kiingereza cha kila siku hukitumia kwa uchache: vitenzi vya kupima. "Asha amemzidi Zuhura urefu." Kwa kuwa ni kitenzi, ulinganisho huo unaweza kuwekwa kwenye wakati wowote. "Atamzidi." "Alikuwa akimzidi." "Hawezi kumzidi." Unaweza hata kusema "wamezidiana", ukatoa habari kwamba wawili hao hawako sawa bila kumtaja mkubwa ni nani, jambo ambalo ndugu wa mke na ndugu wa mume huwa na sababu za kulitumia kikaoni. Jaribu kulifanya hilo kwa "-er".

Najua nitakachoambiwa. Kwa hiyo tuwaache watoto waseme watakavyo? La. Kuvaa kandambili si dhambi, lakini huendi nazo kwenye usaili. Barua ya kuomba kazi yenye "more better" itawekwa kando na mtu ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa Jonson, na mwombaji ataumia. Mwalimu anayemficha mwanafunzi ukweli huo kwa jina la historia ya lugha anamdhulumu. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kumwambia mtoto "Kiingereza sanifu cha leo huchagua alama moja, nawe chagua moja" na kumwambia kwamba hana akili, au kwamba lugha ya nyumbani kwao imempotosha. La kwanza ni taarifa, tena ya kweli. La pili ni uongo wenye madhara. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, ameandika jinsi wanafunzi wa enzi zake walivyovishwa kibati shingoni kwa kukutwa wakisema lugha ya mama. Kibati kimeondoka. Kicheko kimebaki, na sasa kina simu.

Wengi wa wanaocheka, tena, wanacheka kosa lisilo lao kulimiliki. Huyo anayesambaza video hawezi kueleza kwa nini ni "more bored" na si "boreder", wala kwa nini "lesser" ni halali na "worser" si halali. Anajua tu kwamba hiki kinachekwa na kile hakichekwi. Huo ni ujuzi wa kitabaka, na una faida yake mjini, ila asiuite sarufi.

Ninachokitaka darasani ni kidogo na hakihitaji mtaala mpya. Anayeandika "tall than" apewe mazoezi mengi, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana kwelikweli, na mazoea ya "kuliko" ni ya tangu utotoni. Aonyeshwe wazi kwamba Kiingereza kinadai sifa yenyewe ibadilike hata kama "than" ipo. Anayeandika "more taller" aambiwe afute moja, aendelee na insha yake. Ni kazi ya dakika moja, haihitaji hotuba kuhusu lugha mama. Maneno ya silabi mbili yaondolewe kwenye maswali ya kuchagua jibu moja sahihi, au watunzi wa mitihani wayakubali majibu yote mawili kwenye mwongozo wa kusahihishia. Na yule mwanafunzi aliyeandika "politer" akakatwa alama kwa sababu mwongozo ulikuwa na "more polite" peke yake, arudishiwe alama yake.